Jenereta zimezimwa Kigoma, mbona uniti ni zile zile?

Mama mmoja anayeuza samaki Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Mimi nina friza mbili, nagandisha migebuka na kuhe. Miaka yote tuliambiwa umeme wa Kigoma ni wa shida kwa sababu unatoka kwenye jenereta za dizeli. Haya, jenereta zimezimwa, tumeingia gridi ya taifa, tunaambiwa sasa ni umeme wa maji. Mbona elfu kumi bado inanipa uniti 28 kama zamani, na kuna siku hata 24 hazifiki? Kwani maji tunayanunua? Halafu mwanangu yuko kidato cha nne, anasema hata huo umeme wa gridi unachafua hewa, eti nifunge sola niachane nao. Nimsikilize?"

Marahaba, mama. Umefunga maswali matatu kwenye pindo moja la kanga. Nitayafungua moja moja, na nitaanza na hizo uniti maana ndizo zinazogusa mfuko.

Chukua risiti yako ya LUKU, usome kuanzia juu hadi chini, siyo ile tokeni ya tarakimu 20 peke yake. Wewe uko kwenye kundi linaloitwa T1, ambalo lina nyumba nyingi za mjini pamoja na maduka, saluni, mashine ndogo na friza kama zako. Bei ya kundi hilo iliyoidhinishwa na EWURA, wadhibiti wa bei za nishati, ni shilingi 292 kwa uniti, na imekuwa hiyo tangu Aprili 2016. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA kwa ajili ya umeme wa vijijini, na asilimia 1 ya EWURA wenyewe. Jumla asilimia 22. Kwa hiyo uniti moja inakufikia mkononi kwa shilingi 356 na senti 24. Gawanya elfu kumi kwa hiyo, unapata uniti 28.07. Mwenzako wa Kariakoo aliye T1 anapata hizo hizo, wa Tunduma naye vivyo hivyo.

Siku ambazo uniti hazifiki 24, umeme haujapanda. Hiyo ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU, na kuanzia Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Ukinunua mara ya kwanza mwezi huo kwa elfu kumi, inatoka 1,500 kwanza, inabaki 8,500, na hiyo inakupa uniti 23.86. Ukipitisha mwezi bila kununua, mwezi unaofuata inakatwa ya miezi miwili, hapo ndipo watu wanapiga kelele kwamba mita imeharibika. Kama umepanga, kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba, mita tu ndiyo iko mlangoni kwako. Weka risiti, mkae, mkatane kwenye kodi ya pango. Nimeona wapangaji wanalipa miaka mitatu bila kujua kwamba wanamlipia mtu.

Na yule jirani ambaye elfu tano yake inaleta uniti karibu 41, usimdhanie wizi. Yuko kundi la D1, la nyumba zinazotumia umeme kidogo: uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, yaani 122 ukiweka makato. Akipita 75, kila uniti inayozidi ni 350 kabla ya makato, ghali kuliko yako. Wewe huwezi kuingia huko hata ukiomba. Kundi hilo ni la nyumba ya kuishi, na friza mbili za ukubwa wa kati, kwa joto la hapo ziwani na kufungua kila mteja akija, zinakula kama uniti 2.5 kwa siku. Kwa mwezi ni 75, zimekwisha kabla hujawasha hata taa moja. Fedha yake ni kama shilingi 26,700. Ikumbuke namba hiyo, tutairudia.

Sasa swali lenyewe: jenereta zimezimwa, faida imekwenda wapi?

Mimi nilifanya kazi kwenye mitambo ya dizeli kwa miaka mingi, katika mji mmoja wa huku magharibi. Kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kuchovya kijiti kirefu kwenye tangi la mafuta, kukichomoa, kusoma alama ya unyevu, na kuandika kwenye kitabu cha zamu. Halafu unafungua ukurasa wa jana, unatoa, unapata lita zilizoungua. Kisha unasoma mita ya umeme uliotoka. Mashine ikiwa nzima na ina mzigo wa kutosha, lita moja ilikuwa inatoa uniti tatu na nusu, ikijitahidi sana nne. Usiku wa manane mji ukilala, mashine inazunguka na mzigo mdogo, hata tatu hazifiki. Hesabu hiyo haijabadilika mpaka leo, maana ni tabia ya injini ya dizeli, siyo ya mwenye injini.

Dizeli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, na uniti ni tatu na nusu, basi mafuta peke yake ni zaidi ya shilingi 850 kwa uniti. Hapo hujalipa oili, vipuri, mishahara, wala behewa lililoleta mafuta kutoka Dar es Salaam, kilomita 1,250 na ushee kwa reli ya kati. Ukiona nimeweka chumvi, tazama hesabu za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mwaka 2020, ilipoidhinisha mkopo wa mradi wa umeme wa Malagarasi, ilisema kuzalisha uniti moja Kigoma, kwa mitambo ambayo mingi ilikuwa ya dizeli, kunagharimu senti 33 za dola. Kwa bei ya dola ya mwaka ule ni kama shilingi 760.

Wewe ulikuwa unauziwa kwa 292, na jirani yako wa D1 kwa 100.

Nchi yetu ina bei moja ya TANESCO, shirika la umeme, kila mahali. Hakuna bei ya Kigoma na bei ya Dar es Salaam. Kwa miaka yote ile ya moshi, kila uniti uliyonunua ilikuwa ya hasara, na hasara hiyo iliingia kwenye vitabu vya shirika, ikabebwa na wateja wa sehemu ambazo umeme ni wa gesi na maji, na pale iliposhindikana ikabaki kuwa deni. Mzigo haukuwa kichwani kwako, ndiyo maana ulipotuliwa shingo yako haikusikia nafuu yoyote. Aliyesikia nafuu ni aliyekuwa ameubeba.

Sisemi hivyo ili ushukuru mtu. Kwa miaka hiyo hiyo Kigoma mlilipa kwa njia nyingine: mgawo, mashine mbovu, viwanda ambavyo havikuja, na watu waliosubiri kuunganishiwa kwa sababu kila mteja mpya alikuwa hasara mpya. Bei ilikuwa ya huruma, lakini umeme wenyewe ulikuwa haba. Ukiniuliza mimi, faida ya gridi utaiona kwenye idadi ya nguzo na saa za umeme kabla hujaiona kwenye bei, na utakuwa na haki ya kulalamika zaidi kama nguzo haziongezeki kuliko kama uniti ni zile zile.

Na maji, ni kweli, hakuna anayeyanunua. Lakini bwawa linanunuliwa. Mkataba wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulikuwa wa shilingi trilioni 6.5 na ushee. Juu ya hapo kuna nyaya, vituo vya kupoza umeme, na umeme unaopotea njiani, ambao kwa hapa kwetu ni kama asilimia 14 au 15 ya unaozalishwa. Hata huo wa maji ukifika kwako umeshagharimu.

Unatoka wapi hasa? Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipofika mkoani, ndipo gridi ilipoingizwa rasmi Kigoma. Umeme unapitia Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, mahali wengi wenu mnapafahamu kwa mabasi ya Mwanza. Pale kuna kituo cha kilovolti 220 kinacholetewa umeme kutoka upande wa Geita, na njia nyingine inakuja kutoka Rusumo, yale maporomoko ya mto Kagera ambako Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga mtambo wa megawati 80 na kugawana sawa kwa sawa. Kwa hiyo mtu akikuambia Kigoma mnatumia umeme wa Rusumo, hajakosea sana. Akisema wa Rufiji, naye hajakosea.

Wewe uko ziwani, nikupe mfano wa ziwani. Malagarasi unamwaga maji Tanganyika, Luiche nao unamwaga pale karibu na Ujiji, na mito mingine mingi, ya Burundi na ya Kongo. Ukichota ndoo moja Kibirizi, nani atakuambia maji haya ni ya mto gani? Gridi ni hivyo. Mitambo yote inamwaga mahali pamoja, nasi tunachota. Tunachoweza kujua ni mito gani inamwaga nyingi zaidi.

Kabla ya Rufiji, mto mkubwa ulikuwa gesi. Mitambo ya Kinyerezi na Ubungo jijini Dar es Salaam, kwa gesi ya Songosongo na Mtwara, ndiyo iliyobeba zaidi ya nusu ya umeme wa nchi, na mabwawa ya zamani, Kidatu megawati 204, Kihansi 180, Mtera 80, yakafuata nyuma. Ikitokea mvua haba, ndiyo ile migao tunayoikumbuka. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uliwashwa Februari 2024, na mwaka uliofuata yote 9 ikawa tayari, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Bwawa hilo peke yake linazidi nusu ya uwezo wa mitambo yote iliyopo kwenye gridi. Na hapo hapo mkoani kwenu kuna mtambo wa jua wa megawati 5 unaowauzia TANESCO. Kijito hicho, lakini ni cha nyumbani.

Kuna na huo mradi wa Malagarasi niliougusia, kwenye maporomoko ya Igamba, megawati 49.5. Benki ile ile ilikadiria kwamba uniti ya pale itazalishwa kwa senti 4 za dola. Kutoka 33 kwenda 4! Ila usikimbilie dukani kununua friza ya tatu. Bei yako itabaki ile itakayoandikwa na EWURA kwa nchi nzima, mto uwe wa Kigoma au wa Iringa. Na Igamba ina kisa chake ambacho mwanao atakipenda. Wamarekani, kupitia shirika lao la Changamoto za Milenia, walikuwa wamekubali kugharamia mtambo mdogo wa maji pale pale, katika mkataba wa 2008. Wataalamu wakaingia mtoni kupima, wakakuta viumbe vya majini adimu ambavyo mtambo ungevihatarisha. Mpango ukawekwa kando, fedha zikahamia kwenye sola za shule, zahanati na masoko ya vijiji vya Kigoma. Mto ule unapita pia kwenye ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi, ya kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu za dunia, mwaka 2000. Hata umeme wa maji una anayeulipia, na mara nyingine anayelipa ni kiumbe wa mtoni.

Ndiyo nimefika kwa mwanao. Ana haki nusu.

Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Ndiyo, lita ina uzito usiofika kilo moja, lakini inatoa kilo mbili na zaidi, kwa sababu kaboni iliyo ndani yake inashikana na oksijeni ya hewani na kuongeza uzito. Mwanao aulize mwalimu wake wa kemia, atafurahi kuulizwa. Gawanya kwa uniti tatu na nusu: kila uniti ya jenereta ilikuwa inatoa kama robo tatu ya kilo. Friza zako zenye uniti 75 kwa mwezi zilikuwa zinachoma lita 21 za dizeli na kutoa kilo 55 na zaidi. Bado hatujataja masizi na kelele, na waliokaa jirani na mitambo ile hawahitaji kuambiwa na mimi.

Gesi ya Kinyerezi inatoa takriban nusu kilo kwa uniti, wakati mwingine pungufu kidogo mtambo ukiwa wa kisasa. Maji, yakishapita kwenye mtambo, hayatoi moshi, ingawa bwawa la nchi ya joto lina majani na miti inayooza chini yake na kutoa methani, gesi ambayo kwa uzito ule ule inapasha joto dunia zaidi ya mara 25 kuliko hewa ya ukaa. Kwa hiyo usimkubalie anayesema umeme wa maji ni safi kama maziwa. Tuchukue mfano wa siku ambayo kati ya uniti kumi za gridi, sita ni za maji na nne za gesi. Wastani wake unakuwa moja ya tano ya kilo kwa uniti. Friza zako kwa mwezi: kilo 15. Kutoka 55 hadi 15, kwa kugeuza tu swichi ambayo hukuigusa wewe. Bwawa likijaa na gesi ikipumzishwa, inashuka zaidi, na kiangazi kikikaza inapanda.

Kwa hiyo kijana amesema kweli kwamba gridi inachafua, ila hajasema inachafua kiasi gani ukilinganisha na nini. Na hapo, mama, niruhusu niingie jikoni kwako, maana jambo kubwa liko huko na hukuliuliza.

Unapikia nini? Nadhani mkaa, kama jirani zako wote wa Mwanga na Gungu. Tuseme kilo moja na nusu kwa siku, siyo nyingi kwa nyumba inayopika maharage. Kwa mwezi ni kilo 45. Kilo moja ya mkaa ikiungua inatoa kama kilo 2.75 za hewa ya ukaa, yaani kwa mwezi karibu kilo 124, mara mbili ya friza zako hata wakati wa dizeli. Na huo ni moshi wa jikoni tu. Kule porini, kwenye tanuru la udongo, kilo moja ya mkaa imekula kilo sita hadi kumi za mti mbichi, na kilichobaki kimepanda kama moshi. Utanijibu kwamba mti unaota tena na kuinyonya hewa ile ile. Ni kweli, ukiachwa uote. Wewe unayepita barabara ya Kasulu tangu utotoni unaweza kusema mwenyewe kama unaachwa. Mkoa huu nishati yake haijawahi kuwa dizeli hasa, ni miti. Hata chumvi ya Uvinza, sifa yetu ya karne na karne, imechemshwa kwa kuni.

Nilifanya jaribio nyumbani, mke wangu akanicheka. Nilichukua kilo moja ya maharage ya Kigoma, yale ya njano, nikayaloweka usiku. Asubuhi nikazima kila kitu ndani ya nyumba, nikaandika namba iliyo kwenye mita, nikayaweka kwenye sufuria ya presha ya umeme. Ilichemka, ikafoka mvuke, ikanyamaza. Dakika 50 hivi nikafungua, maharage yameiva hadi yanapasuka. Mita ilikuwa imeteremka sehemu 0.4 ya uniti. Kwa bei yako ya T1 ni shilingi 143. Kesho yake kilo nyingine kwenye jiko la mkaa, kwa muda wa saa mbili na robo, mkaa karibu kilo moja na robo, na mtu wa kuuchochea na kupepea. Sina haja ya kukuambia bei ya mkaa huo, unaijua kuliko mimi. Linganisha mwenyewe na 143.

Ugali ni habari nyingine. Jiko la umeme la sahani linakula sana, na sufuria kubwa ya kusongea inatikisika juu yake. Kwa hiyo sisemi utupe jiko la mkaa kesho. Nasema vyakula vya kuchemka muda mrefu, maharage, makande, nyama ya mifupa, ndizi, vihamishie kwenye presha, na hapo mkaa wako utapungua kwa zaidi ya nusu. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mazungumzo mengi yamekuwa ya mitungi ya gesi. Maoni yangu ni kwamba mahali kama Kigoma, ambako mtungi unasafirishwa mbali na umeme sasa upo, sufuria ya presha ingestahili kutajwa kwanza.

Sola, kwa kifupi. Friza zako zinahitaji uniti 2.5 kwa siku. Jua la Kigoma ni zuri, lakini masika lina mawingu, na ukitoa upotevu wa nyaya na betri unahitaji paneli za wati 800 hivi, pamoja na betri za kubeba usiku mzima, na betri ndizo zinazofilisi watu. Unafanya hivyo ili kuokoa shilingi 26,700 kwa mwezi? Betri itakufa kabla haijarudisha fedha yake. Sola ndogo ya taa na simu, ya kukuokoa umeme ukikatika, sawa. Kwa mtu wa kijiji ambako nguzo haijafika, sola ni mkombozi. Kwako wewe, fedha hiyo inunulie presha.

Jambo moja la umeme wa gridi ambalo halijakaa sawa, na si haki nilifiche: umbali. Umeme ulianza kuja kutoka Nyakanazi kwa njia ya kilovolti 33, na njia ya namna hiyo kwa kawaida ni ya makumi ya kilomita, siyo mamia. Maji kwenye bomba refu jembamba hufika yamechoka, na umeme vivyo hivyo. Ndiyo ule mnaouita "umeme mdogo", jioni taa inakuwa nyekundu na friza inanguruma bila kuanza. Dawa yake ni mradi wa njia ya kilovolti 400, kilomita 280, kutoka Nyakanazi hadi kituo cha Kidahwe, mkoani Kigoma. Kwako, dawa ni kile kifaa cha kulinda friji kinachokata umeme ukishuka mno na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Kompresa ikilazimishwa kuanza kwa umeme mdogo inavuta mkondo mkubwa, inapata moto, na waya wake wa ndani unaungua. Usinunue cha bei ya chini kabisa, na usichomeke friza mbili kwenye kimoja.

Na friza zenyewe zitazame. Weka noti ya elfu moja kati ya mfuniko na mpira, funga, ivute. Ikitoka bila ubishi, mpira umechoka na baridi linavuja mchana kutwa. Barafu ya ukutani ikizidi unene wa kidole, iyeyushe. Ziondoe karibu na jiko na mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Ukiwa Kibirizi jua hilo linakuja likiwa limepita juu ya ziwa na halina huruma.

Kijana mpe kazi ya wiki moja. Aandike namba ya mita kila siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni, siku nne friza zikiwa kama zilivyo, siku tatu baada ya kubadilisha mpira na kuzisogeza. Azidishe tofauti kwa 356 apate shilingi. Halafu azidishe tofauti hiyo hiyo kwa 0.2 apate kilo za hewa ya ukaa, kisha apime mkaa wa wiki ile kwenye mizani yako ya samaki na kuuzidisha kwa 2.75. Akimaliza aniandikie, nitasahihisha.